Zabibu, mahali na mtungi: namna ya kuuelewa mvinyo wa Georgia

Mtu anayekuta dukani chupa tatu za mvinyo mwekundu wa Georgia, ya kwanza imeandikwa Saperavi, ya pili Mukuzani na ya tatu Kindzmarauli, hatalaumiwa akidhani kwamba ameona mvinyo wa zabibu za aina tatu. Kumbe zote tatu zimetokana na zabibu za aina moja. Saperavi ni jina la zabibu zenyewe. Mukuzani ni kijiji cha mkoa wa Kakheti, na jina lake hupewa mvinyo mkavu, yaani mvinyo ambao sukari yake imekwisha kugeuka kileo, uliotengenezwa kwa Saperavi za eneo hilo na kukomazwa katika mapipa ya mwaloni. Kindzmarauli ni eneo jingine dogo la mkoa huohuo, karibu na mji wa Kvareli, na mvinyo unaobeba jina lake hutengenezwa kwa Saperavi hizohizo lakini huachiwa sehemu ya utamu wa tunda. Akiongezewa chupa ya nne iliyoandikwa qvevri, atakuwa amekutana na neno lisilohusu zabibu wala mahali, kwa kuwa hilo ni jina la mtungi.

Georgia inayozungumzwa hapa si lile jimbo la Marekani, bali ni nchi ya Kaukazi inayopakana na Urusi, Uturuki, Armenia na Azerbaijan, na ambayo upande wake wa magharibi unaishia kwenye Bahari Nyeusi. Eneo lake ni kilomita za mraba 69,700 hivi, pungufu ya mkoa wa Tabora peke yake, na wakazi wake hawafiki milioni 4. Ndani ya udogo huo zimeorodheshwa aina zaidi ya 500 za zabibu zenye asili ya hapohapo, ingawa zinazolimwa kwa biashara ni chache mno zikilinganishwa na idadi hiyo. Kinachowachanganya wageni si wingi huo tu, bali ni ile desturi ya kuyataja majina ya zabibu, ya maeneo, ya chombo na ya kiwango cha sukari kana kwamba yote ni ya jamii moja. Juu ya hayo imetandazwa sifa ya miaka 8,000 ya mvinyo, ambayo hurudiwa mara nyingi kiasi kwamba watu wameacha kuuliza ina maana gani hasa.

Tuanze na mahali, kwa kuwa mahali ndipo panapoeleza mengi ya yanayofuata. Safu ya milima ya Likhi inashuka kutoka Kaukazi Kuu upande wa kaskazini na kuigawa nchi pande mbili. Magharibi ya safu hiyo kunapokea mawingu ya Bahari Nyeusi. Pwani ya Batumi hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, hewa ni ya unyevu, na misitu imefunga. Mashariki ya Likhi ni nchi kavu zaidi, yenye kiangazi cha joto na majira ya baridi yanayoulaza mzabibu kabisa. Mzabibu wa Georgia hupukutisha majani, hulala miezi kadhaa, huchipua tena majira ya kuchipua na kuvunwa mara moja tu, kwa kawaida Septemba na Oktoba, katika msimu uitwao rtveli ambao huwarudisha wenyeji wengi wa mijini kwenye mashamba ya wazazi wao. Msomaji aliyezoea habari za Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka kwa sababu hakuna baridi ya kuulaza mmea, ataona mara moja kwa nini huko Kaukazi kosa la wiki moja katika kuchagua siku ya kuvuna ni hasara ya mwaka mzima.

Kakheti, mkoa wa mashariki kabisa, ndio wenye sehemu kubwa ya mizabibu yote ya nchi. Moyo wake ni bonde la mto Alazani, ambalo kaskazini limefunikwa na ukuta wa Kaukazi Kuu wenye theluji na kusini limepakana na vilima vya Gombori. Hapa ndipo Rkatsiteli, zabibu nyeupe inayolimwa kuliko zote, na Saperavi, nyekundu inayolimwa kuliko zote, zilipo nyumbani kwao. Saperavi ina sifa ambayo zabibu nyekundu nyingi hazina: nyama yake ya ndani nayo ina rangi. Zabibu nyekundu za kawaida zikiminywa hutoa maji meupe, na wekundu wa mvinyo hutoka kwenye maganda peke yake. Saperavi ikiminywa, maji yake hutoka tayari yakiwa na wekundu, ndiyo maana mvinyo wake huwa mzito wa rangi hadi kukaribia weusi. Ina uchachu mkali pia, na uchachu huo ndio unaoifanya ifae kwa mvinyo mkavu wa kuhifadhiwa miaka mingi na vilevile kwa mvinyo wenye utamu, kwa kuwa sukari isiyo na uchachu wa kuizuia huchosha ulimi haraka.

Ndani ya Kakheti kuna maeneo madogo yaliyowekewa mipaka na sheria, na nchini kote majina ya namna hiyo yanazidi 20. Mbali na Mukuzani na Kindzmarauli, yapo Akhasheni, Napareuli, Manavi na Tsinandali. Hili la mwisho linastahili kusemewa zaidi. Mvinyo mweupe wa Tsinandali hutengenezwa kwa Rkatsiteli kwa kiasi kikubwa, na Mtsvane kidogo ya kuongeza harufu, na umepata jina kutokana na kijiji kilichokuwa na makazi ya mwanamfalme na mshairi Alexander Chavchavadze, aliyeishi kuanzia 1786 hadi 1846. Chavchavadze alileta mashambani kwake utaratibu wa Ulaya wa kutenganisha maji ya zabibu na maganda, kukomaza katika mapipa na kutia katika chupa. Kwa hiyo mtu akisoma Tsinandali kwenye lebo na kudhani kwamba anashika mvinyo wa kale wa mtungi, amekosea kwa namna ya kuvutia, kwani jina hilo ndilo lililosimamia kuingia kwa njia ya Ulaya nchini humo takriban karne mbili zilizopita.

Mkoa wa Kartli, unaoanzia kwenye viunga vya Tbilisi, mji mkuu, na kupita Mtskheta hadi Gori, una nyanda zilizoinuka na usiku wa baridi. Zabibu zake kama Chinuri na Goruli Mtsvane huiva zikiwa na uchachu mwingi na sukari ya wastani, jambo linalozifanya zifae kwa mvinyo wa mapovu, na zile nyekundu, Tavkveri na Shavkapito, hutoa mvinyo mwepesi usiofanana kabisa na uzito wa Saperavi. Ukivuka Likhi unaingia Imereti, mkoa wa Tsitska, Tsolikouri na Krakhuna, zabibu nyeupe zinazotoa mvinyo mlaini zaidi kuliko wa Kakheti. Kaskazini yake, kwenye miteremko ya juu ya mto Rioni, kuna Racha, mkoa mdogo na wa baridi, ambako zabibu nyekundu za Aleksandrouli na Mujuretuli huchanganywa kutengeneza mvinyo wa Khvanchkara. Jirani yake ni Lechkhumi, nyumbani kwa Usakhelouri, zabibu adimu sana ambayo chupa zake ni za bei kubwa popote zinapouzwa.

Karibu na bahari, katika Guria, Samegrelo na Adjara, desturi ya zamani ilikuwa kuuacha mzabibu upande mti. Mmea ulikwezwa juu ya miti hai, na mvunaji alipanda kwa ngazi au kwa kamba akiwa na kikapu kirefu chenye ncha, ambacho alikishusha kwa kamba kikijaa. Njia hii, iitwayo maghlari, ilikuwa na sababu yake: katika unyevu ule, zabibu zilizo chini huvamiwa na ukungu, na zilizo juu hupata upepo na jua. Ilipungua sana katika karne ya 19, magonjwa mapya ya mizabibu yalipoingia, kwa sababu hakuna mtu awezaye kupulizia dawa ya salfa kwenye kilele cha mti mrefu kwa ukamilifu. Zabibu za huko, Chkhaveri na Ojaleshi, sasa nyingi zimeteremshwa na kupandwa kwenye nyaya kama kwingineko.

Sasa tufike kwenye mtungi. Qvevri ni chombo cha udongo wa mfinyanzi chenye umbo la yai, kipana mabegani na chembamba chini hadi kuishia kwenye ncha, ambacho hufukiwa ardhini hadi shingoni. Zipo za lita chache za majaribio na zipo za maelfu ya lita ambazo mtu mzima huingia ndani kuzisafisha, na ukubwa unaotumika zaidi ni kati ya lita 800 na 3,500. Wengi huiita amfora, na hapo ndipo kosa la kwanza linapoanzia. Amfora ya Wagiriki na Warumi ilikuwa na mikono, kwa sababu ilikusudiwa kubebwa. Ilikuwa chombo cha usafiri na biashara. Qvevri ikishafukiwa haiondoki tena. Nyumba inaweza kubomolewa na kujengwa upya juu yake, na zipo zilizofukuliwa katika magofu ya karne nyingi zilizopita zikiwa zimesimama wima palepale zilipowekwa. Chumba au uwanja zinapofukiwa huitwa marani.

Kuitengeneza ni kazi ya familia chache za wafinyanzi katika vijiji kama Vardisubani huko Kakheti na Shrosha na Makatubani huko Imereti. Mfinyanzi hatumii gurudumu. Hujenga ukuta kwa mikanda minene ya udongo, akiongeza sentimita chache kwa siku na kuacha safu ya chini ikauke kiasi cha kubeba ya juu, na kwa sababu hiyo hushughulikia qvevri kadhaa kwa zamu, akizunguka kutoka moja hadi nyingine kwa wiki nyingi. Zikikauka huingizwa katika tanuri la matofali, mlango huzibwa, na moto wa kuni huendeshwa kwa siku kadhaa mfululizo hadi joto lifike nyuzi 1,000 hivi. Zikitolewa zingali na joto, hupakwa ndani nta ya nyuki iliyoyeyushwa. Nta hiyo haikusudiwi kuwa bitana nene. Huingia katika vitundu vya udongo na kupunguza uvujaji, ilhali ukuta unabaki ukipitisha hewa kidogo sana. Nta ikizidi, mtungi unageuka chombo kisichopumua, na ikipungua, mvinyo hunywewa na udongo na mtungi huwa mgumu kusafisha.

Katika njia ya Kakheti, zabibu hukanyagwa kwa miguu ndani ya hori lililochongwa kutoka gogo moja la mti, na maji yake hutiririka moja kwa moja hadi kwenye qvevri. Baada ya maji hufuata machicha yote: maganda, mbegu, na hata vikonyo ikiwa vimeiva hadi kuwa kahawia. Chachu haiongezwi, kwa kuwa ile iliyopo kwenye maganda na katika marani inatosha. Baada ya siku moja au mbili mchanganyiko huanza kuchacha kwa kishindo, na gesi husukuma maganda juu yakafanya kifuniko kizito kinachopaswa kuvunjwa na kuzamishwa kwa mti mrefu mara kadhaa kwa siku, usiku ukiwemo. Anayezembea hapa hupata siki, kwa sababu maganda yaliyoachwa juu yakipigwa na hewa ndiyo mlango wa bakteria. Uchachukaji ukipoa, kifuniko huzama chenyewe. Mtungi hujazwa hadi ukingoni, hufunikwa kwa bamba la jiwe au ubao, na juu yake huwekwa udongo laini na kuachwa hadi Machi au Aprili.

Umbo lile la ncha si pambo. Mbegu, ambazo ni nzito na zenye uchungu mwingi kuliko sehemu nyingine, ndizo zinazotangulia kuzama na kukaa katika ncha ya chini. Juu yake hutua masimbi ya chachu, kisha maganda. Kwa miezi yote iliyobaki mvinyo unaendelea kugusana na maganda huku mbegu zikiwa zimezikwa mbali nao. Ardhi nayo huweka joto la mtungi karibu na nyuzi 14 au 15, hali juu kuna theluji. Mashine za kupoza za viwanda vya kisasa hufanya kazi hiyohiyo kwa umeme. Majira ya kuchipua yakifika mvinyo huchotwa na kuhamishiwa katika qvevri ndogo au chombo kingine, na machicha yaliyobaki hukenekwa kuwa pombe kali iitwayo chacha.

Kusafisha ndiko kunakotofautisha mtengenezaji hodari na mzembe, na sifa nyingi zinazoimbwa kuhusu mtungi hulisahau jambo hili. Udongo hauna ulaini wa chuma, na uchafu wa mwaka jana ukibaki kwenye kitundu kimoja unaharibu maelfu ya lita za mwaka huu. Chombo cha jadi cha kusugulia ni mabamba ya magome ya mcheri yaliyoshonwa pamoja na kufungwa kwenye mpini mrefu, kwa kuwa gome hilo lina ukali wa kukwangua bila kuchuna nta. Maji ya moto, chokaa na moshi wa salfa hufuata, na kusuuza hurudiwa hadi maji yanayotolewa yawe safi ya kunywa. Mvinyo mbaya wa qvevri upo, na ni mwingi kuliko wapenzi wake wanavyokiri. Mara nyingi ubaya wake umeanzia hapa, wala si kwenye zabibu.

Imereti hutumia mtungi huohuo lakini kwa kipimo tofauti. Wao huongeza sehemu ndogo tu ya maganda, huacha vikonyo kabisa, na hawangoji miezi sita. Sababu ni hali ya hewa: katika unyevu wa magharibi vikonyo haviivi sawasawa, na kikonyo kibichi kikichachuka pamoja na mvinyo hutoa ukali wa majani mabichi ambao hauondoki. Kwa hiyo tofauti inayosemwa kuwa ni ya desturi imetokana na mvua.

Zabibu nyeupe zikipitia njia ya Kakheti hutoa mvinyo wenye rangi ya kaharabu, kati ya dhahabu iliyokolea na chungwa. Huu ndio mvinyo ulioipatia Georgia umaarufu mpya katika miji ya Ulaya, Japani na Marekani, na ndio unaowashangaza zaidi wanywaji. Sababu yake ni rahisi kueleweka. Mvinyo mweupe wa kawaida hutengenezwa kwa maji ya zabibu yaliyotengwa na maganda mara moja, ilhali mwekundu huchachia pamoja na maganda. Wa kaharabu ni zabibu nyeupe zilizotendewa kama nyekundu. Maganda hutoa tanini, ile hali ya kukausha ulimi kama chai ya rangi iliyosahaulika birikani, na hutoa pia rangi na harufu za aprikoti kavu, ganda la kungumanga na asali. Ni mvinyo unaodai chakula. Wenyeji huunywa pamoja na nyama, jibini yenye chumvi na vyakula vya kokwa za jozi (walnut), na anayeunywa peke yake ukiwa baridi mno kama mvinyo mweupe mwepesi atauona mkali na mgumu.

Lakini isidhaniwe kwamba mvinyo wote wa Georgia ni wa namna hii. Sehemu kubwa ya mvinyo unaotiwa katika chupa na kuuzwa nje hutengenezwa katika matangi ya chuma cha pua, kwa chachu ya kununua na mashine za kupoza, kama unavyotengenezwa Italia au Chile. Mvinyo wa qvevri ni sehemu ndogo ya biashara hiyo. Pale ambapo mtungi umebaki na nguvu ni katika nyumba za vijijini, ambako familia hutengeneza mvinyo wa matumizi yake, wa harusi na wa misiba, usiopitia takwimu za kiwanda chochote.

Jambo la sukari nalo lina historia yake. Katika Racha, baridi ya vuli iliwahi kufika kabla chachu haijamaliza kazi yake. Uchachukaji ulisimama, na utamu ukabaki. Mvinyo nusu tamu, kwa asili, ni zao la mahali penye baridi. Khvanchkara ulijulikana kote Urusi na Muungano wa Kisovieti, na inasemwa kwamba Stalin, mtawala wa Kisovieti aliyezaliwa Gori, aliupenda kuliko mingine. Soko la Kisovieti likauzoea utamu huo, na viwanda vikajifunza kuutengeneza mahali popote kwa kuupoza mvinyo na kuuchuja chachu. Matokeo yake yalikuwa kwamba majina ya maeneo madogo sana yaligeuka kuwa majina ya ladha: miteremko ya Khvanchkara haiwezi kutoa zabibu za kutosha chupa zote zilizowahi kuuzwa kwa jina hilo, na udanganyifu huo uliiandama Georgia kwa miaka mingi baada ya uhuru wa 1991.

Na ile miaka 8,000? Chanzo chake ni vigae vya mitungi vilivyofukuliwa Gadachrili Gora na Shulaveris Gora, makazi ya kale yaliyo takriban kilomita 50 kusini mwa Tbilisi. Mwaka 2017 kundi la watafiti lililomjumuisha Patrick McGovern, mwanaakiolojia wa Marekani aliyebobea katika vinywaji vya kale, lilichapisha matokeo ya kemia yaliyoonyesha mabaki ya asidi ya tataraki, ambayo katika ukanda huo ni alama ya zabibu, ndani ya vigae vya kati ya mwaka 6000 na 5800 kabla ya Kristo. Kabla ya hapo, ushahidi wa kemia wa kale zaidi ulikuwa wa Hajji Firuz Tepe, kwenye milima ya Zagros nchini Iran. Hivyo dai la Georgia lina msingi mzuri, ila lina mipaka. Mitungi ile ilikuwa na kitako bapa na haikuwa qvevri hizi za leo zenye ncha. Ushahidi wa kale zaidi uliopatikana hauwi lazima ndio mwanzo wa jambo lenyewe. Tena, uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba mzabibu ulianza kulimwa takriban miaka 11,000 iliyopita katika sehemu mbili, Kaukazi na Asia ya Magharibi, na kwamba ule wa Asia ya Magharibi ndio uliosambaa hadi Ulaya. Kinachobaki imara ni kwamba katika nchi hiyohiyo zabibu hazijaacha kulimwa, na uendelevu huo, kwa maoni yangu, ni habari kubwa kuliko ubingwa wa kuwa wa kwanza.

Uendelevu huo haukuwa wa bure. Kanisa liliubeba kwa sehemu kubwa: Mtakatifu Nino, anayekumbukwa kwa kuleta Ukristo katika karne ya 4, huchorwa akishika msalaba wa matawi ya mzabibu yaliyofungwa kwa nywele zake, na monasteri ya Alaverdi katika Kakheti ina marani ya karne nyingi. Majeshi ya Shah Abbas wa Uajemi yalipoivamia Kakheti katika miaka ya 1610, yaliharibu mashamba na kuhamisha makumi ya maelfu ya watu hadi Iran. Karne ya 19 ilileta ubwiri unga na ubwiri vinyoya, magonjwa ya majani na matunda, pamoja na filoksera, mdudu mdogo wa jamii ya vidukari anayekula mizizi. Tangu wakati huo mizabibu mingi hubebeshwa juu ya mashina ya asili ya Marekani yanayomvumilia mdudu huyo. Wasovieti wakafuata na mipango yao ya tani, iliyopendelea aina chache zenye mazao mengi, Rkatsiteli ikiwa mbele, na kuziacha nyingine zikiishi kwenye nyua za wazee na katika mashamba ya utafiti. Mwaka 1985 kampeni ya Gorbachev, kiongozi wa Kisovieti, dhidi ya ulevi iling'oa mizabibu mingi katika nchi ambayo karamu yake, supra, haiwezi kuendeshwa bila tamada, kiongozi wa meza anayetoa hotuba kabla ya kila mnyweo.

Pigo la karibuni zaidi lilikuwa la kibiashara. Machi 2006 Urusi, iliyokuwa ikinunua zaidi ya robo tatu ya mvinyo uliosafirishwa nje, iliupiga marufuku kwa madai ya viuatilifu na metali nzito, wakati uhusiano wa kisiasa wa nchi hizo mbili ulipokuwa umeharibika. Marufuku hayo yalidumu hadi 2013. Viwanda vingi viliyumba, lakini waliobaki walilazimika kutafuta wanywaji wasiowajua, Poland, China, Uingereza, Marekani, na wanywaji hao hawakuwa na hamu ya mvinyo nusu tamu wa jina la uongo. Katika miaka hiyohiyo, mitungi iliyokuwa imeonekana kama mabaki ya ushamba ikawa na thamani, na mwaka 2013 UNESCO iliiingiza njia ya qvevri katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu.

Mlango wa Urusi ulipofunguliwa tena, biashara ilirudi kwa kasi, na leo zaidi ya nusu ya mauzo ya nje yanaelekea hukohuko, mengi yakiwa ya mvinyo mwekundu nusu tamu. Serikali nayo imekuwa ikitoa ruzuku kwa zabibu zinazonunuliwa na viwanda wakati wa rtveli, Rkatsiteli ikiwa mstari wa mbele, ili bei isianguke mavuno yakizidi. Kwa mkulima wa bonde la Alazani hesabu ni ya wazi: kiwanda hulipa kwa kilo na hulipa mapema, ilhali qvevri humdai afukie mavuno yake hadi Aprili, kisha atafute mnunuzi huko Tokyo au Berlin mwenye uvumilivu wa tanini. Wanaochagua njia ya pili wameongezeka sana tangu 2006, wengi wakiwa na hekta chache tu, na wafinyanzi wa Vardisubani na Shrosha wana wateja wanaosubiri zamu. Lakini malori yanayopanga foleni kwenye mizani za viwanda vya Telavi na Kvareli kila Septemba bado yamebeba sehemu kubwa ya zabibu za mkoa huo.